Kinga na Kinga

Kila mwaka, muhula wa pili unapoanza, mwalimu mmoja wa Kiswahili katika shule ya upili iliyoko mashariki mwa jiji la Nairobi hukabiliwa na kazi ile ile. Huandika ubaoni methali isemayo "Kinga na kinga ndipo moto uwakapo", kisha hugeuka kuwatazama wanafunzi wake wa kidato cha tatu, na kama ilivyo ada, huona nyuso zilizotatizika. Vijana hao, waliolelewa katika nyumba ambazo hupikiwa kwa gesi, wanaijua kinga moja tu, nayo ni ile ya chanjo na mwavuli, ile isemekanayo kuwa bora kuliko tiba. Itakuwaje basi, huuliza, kinga mbili zikikutana zilete moto badala ya kuuzuia?

Hapo mwalimu huweka chaki chini na kueleza. Kinga ya methali ni kijinga, yaani kipande cha ukuni kilichoshika moto kwenye ncha. Kimoja kikiachwa peke yake hufifia, kikatoa moshi, kikazima. Viwili vikisogezwa pamoja, kila kimoja hukipa kingine joto, na ndimi za moto zikainuka. Kinga ya chanjo ni neno jingine kabisa, na lina mlango wake katika kamusi. Maneno hayo mawili, alizoea kusema, ni kama abiria wa matatu: wamekalia kiti kimoja lakini hawajuani. Wanafunzi walicheka, wakaandika, na somo likaendelea. Kwa miaka kumi na tisa hakuona haja ya kuongeza neno juu ya hilo, hadi ulipofika mwaka 2023, mwaka alioamua kuhamisha betri ya gari lake kutoka chini ya boneti hadi kwenye buti.

Gari lenyewe halikuwa la fahari. Lilikuwa Toyota Corolla iliyoundwa mwaka 1996, nyeupe iliyokwisha kuwa ya rangi ya maziwa yaliyoungua. Mwalimu alilinunua kwa mkopo wa chama cha ushirika kwa sababu moja, nayo ilikuwa mama yake. Bibi huyo alikuwa ameletwa Nairobi kutoka Taita baada ya figo zake zote mbili kushindwa kufanya kazi, na tangu hapo akawa anasafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa. Zamu yake ilianza saa kumi na mbili asubuhi. Ili kuiwahi, iliwabidi watoke mtaani Umoja saa kumi na moja kasorobo, kabla Barabara ya Jogoo haijafurika magari. Mgonjwa wa figo hana ruhusa ya kuahirisha. Akikosa zamu, maji hubaki mwilini, miguu ikavimba na pumzi ikawa ya kuhesabu. Nayo potasiamu isiyotolewa hupanda katika damu, na yamkini ikausimamisha moyo pasipo kupiga hodi.

Betri ya kwanza iliibwa mwezi wa Machi. Mwalimu alitoka alfajiri, akazungusha ufunguo, akasikia kimya. Alipoinua boneti, alikuta nafasi tupu na vichwa viwili vya waya vikining'inia kama mikono ya mtu aliyenyang'anywa mtoto. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, kwa hiyo hasara iliishia mfukoni. Betri ya pili iliibwa mwezi wa Mei, usiku wa kuamkia Ijumaa. Walihangaika kutafuta teksi hadi walipofika hospitalini saa mbili kasoro, mashine imekwisha kupewa mgonjwa mwingine. Bibi aliwekwa kwenye benchi la korido akasubiri hadi saa tisa alasiri. Hakulalamika. Alivua viatu tu, kwa maana miguu ilikuwa imeanza kuvijaa, akavishika mapajani. Taswira ya mama yake aliyeshika viatu ilikataa kumtoka mwalimu akilini, na ndiyo iliyomsukuma kuamua.

Majirani walimpa ushauri kila mmoja kwa kadiri ya uzoefu wake. Kuna aliyemwambia afunge boneti kwa mnyororo na kufuli, na kuna aliyemwambia aiondoe betri kila jioni na kulala nayo chumbani, jambo ambalo mtu mwenye maumivu ya mgongo hawezi kulifanya na mzigo wa kilo kumi na tano. Hatimaye kijana mmoja wa gorofa ya pili akampa wazo la buti. Buti la gari lile lilikuwa na kufuli madhubuti, na mwizi wa betri huwa hana muda. Akikuta boneti tupu, huenda kwa jirani.

Wazo hilo halikuwa geni duniani. Gari dogo la Mini lililobuniwa na Alec Issigonis na kuanza kuuzwa Uingereza mwaka 1959 liliwekewa betri kwenye sakafu ya buti tangu kiwandani, kwani injini ilikuwa imeijaza sehemu ya mbele yote. BMW nao wameiweka betri nyuma katika aina nyingi za magari yao, ili uzito ugawanyike sawasawa kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Madereva wa mashindano huihamisha kwa sababu hiyo hiyo, na wengine huihamisha ili kuiepusha na joto la injini, ambalo huifupishia betri maisha. Mwalimu aliyasoma hayo yote akafurahi. Alimwambia mkewe kwa mzaha kuwa anahamisha shehena kutoka omo hadi tezi. Alichokosa kukisoma kwa makini ni jinsi kazi yenyewe inavyofanywa.

Fundi wa kwanza, aliyekuwa na kibanda mtaani mle mle, alimtajia bei mbili. Ya kwanza ilikuwa shilingi 13,000: waya mnene wa shaba, fyuzi kubwa karibu na betri, sanduku la kuifungia na kadhalika. Ya pili ilikuwa shilingi 4,000. Mwalimu aliuliza tofauti iko wapi. Fundi akajibu, kwa sauti ya mtu asiyetaka kumpoteza mteja, kuwa zote zitawasha gari.

"Na hiyo fyuzi ni ya nini?" mwalimu akauliza.

"Mwalimu, gari lina fyuzi zake kule mbele, sanduku zima. Hii ni ya kuongezea tu."

Jibu hilo lilikuwa ndilo mfuko wa mwalimu ulilotaka kulisikia. Mwisho wa mwezi ulikuwa mbali, na dawa za bibi zilikuwa bado hazijanunuliwa. Kwa hivyo haifai kumtwika fundi yule lawama zote; mwenye gari aliulizwa, naye akachagua. Kazi ilimalizika kwa saa mbili. Waya wa milimita 16 za mraba ulitobolewa njia katika bati lililo nyuma ya kiti cha abiria, ukapitishwa chini ya zulia hadi mbele, ukaungwa na ule wa zamani. Tundu lile halikuvikwa mpira wowote. Waya ulilala juu ya makali ya bati. Betri ilikalishwa juu ya zulia la buti na kufungwa kwa ukanda wa blada ya gurudumu. Waya mweusi ulifungiwa kwenye skrubu iliyokuwa karibu, juu ya rangi.

Mwezi wa Juni ulipita salama salimini. Kila Jumanne na Ijumaa gari liliwaka, na wezi walipopita walikuta boneti haina kitu. Mwalimu alijiona amewashinda walimwengu kwa shilingi 4,000.

Julai ikaja na baridi yake. Alfajiri, stata ilianza kuzunguka kwa uzito, ikigugumia kama mtu aliyeamshwa usingizini, na mara mbili gari liliwaka kwa jaribio la nne. Mwalimu aliilaumu baridi, na kwa kiasi fulani alikuwa na haki, kwa kuwa betri ya risasi na asidi hupungukiwa na nguvu hali ya hewa ikipoa. Lakini kulikuwa na sababu nyingine aliyokuja kuielewa baadaye. Stata ya gari dogo huweza kuvuta umeme wa ampea 200 kwa zile sekunde chache za kuwasha. Waya una ukinzani, na kadiri ulivyo mrefu na mwembamba ndivyo ukinzani huo unavyozidi. Waya wa milimita 16 za mraba wenye urefu wa mita 5, ukipitisha ampea 200, hupoteza zaidi ya volti 1 njiani, nayo betri yenyewe ikiwa imejaa huwa na takriban volti 12.6 tu, na hizo hushuka punde stata inapoanza kuvuta. Betri ilipokuwa mbele, umbali ulikuwa chini ya mita moja na hasara haikuhisika. Umbali ulipozidi, ulianza kudai malipo yake.

Ilikuwa katika Julai hiyo ambapo bibi, akiwa ameketi kiti cha nyuma kama kawaida yake, alisema kwa upole, "Mwanangu, gari lako linanuka mayai viza."

Mwalimu alivuta pumzi, asisikie kitu. Madirisha ya mbele yalikuwa wazi kidogo na yeye alikuwa akitazama barabara. Akamwambia ni mitaro ya jiji. Ijumaa iliyofuata bibi alirudia maneno yale yale. Jumanne akarudia tena. Mwalimu alikuwa amesoma mahali kuwa figo zikishindwa kazi, sumu zinazobaki katika damu huweza kuubadilisha ulimi wa mgonjwa, chakula kikawa na ladha ya chuma na harufu zikamchanganya. Ni kweli hutokea. Jioni ile akamweleza mkewe jikoni, kwa sauti aliyodhani ni ya chini, kuwa maradhi yameanza kumharibu mama hisia zake. Nyumba za Umoja zina kuta nyembamba. Tangu siku ile bibi hakutaja harufu tena.

Ijumaa moja ya Agosti walikuwa wakirejea kutoka hospitalini, bibi amechoka kama ilivyo desturi baada ya saa nne za mashine. Gari liliruka tuta moja, kisha jingine. Ghafla bibi akasema, "Mgongo wangu unaungua."

Safari hii hakupuuzwa. Mwalimu alitupa macho kwenye kioo akaona moshi ukipanda nyuma ya bega la mama yake. Alilisogeza gari kando, akazima ufunguo, akashuka na kumtoa bibi nje akimbeba nusu, leso yake ikiwa imeshika kovu jeusi la moto pembeni. Alipogeuka, moshi ulikuwa ungali unatoka. Alidhani kuzima ufunguo kungemaliza mambo, kumbe ufunguo haukuwa na mamlaka juu ya waya ule. Ulitoka kwenye betri moja kwa moja, na hapakuwa na kitu chochote njiani cha kuukata.

Mwendeshaji mmoja wa bodaboda aliyesimama kutazama ndiye aliyeokoa jahazi. Alimwuliza betri iko wapi, na alipoambiwa iko kwenye buti, akalifungua, akarudi nyuma hatua mbili kwa harufu iliyomlaki, akangoja kidogo, kisha akaingiza mkono na spana namba kumi. Alilegeza kichwa cha waya mweusi kwanza, akakitenga. Moshi ukapungua, ukaisha. Kijana yule alieleza kuwa anayeanza na mwekundu akigusisha spana kwenye bodi huwasha moto kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akakataa pesa, akampa bibi pole, akaondoka.

Gari lilivutwa hadi Barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wazee wa Nairobi bado huiita Grogan, penye vipuri na mafundi wa kila aina chini ya jua kali lililowapa jina lao. Huko mwalimu aliagizwa kwa fundi wa umeme wa magari, mwanamke wa makamo aliyevaa koti la buluu na miwani iliyofungwa kwa uzi. Bibi, aliyekuwa amekataa kutangulia nyumbani, alipewa kiti cha plastiki kivulini.

Fundi aliinua kiti cha nyuma, akaonyesha. Pale waya ulipopita katika bati, makali yalikuwa yameukata ngozi kidogo kidogo kwa miezi miwili, kila tuta likiongeza wembe, hadi shaba ikagusa bodi. Bodi ya gari ndiyo njia ambayo umeme hurudia kwenye betri. Waya wa kwenda ukigusa njia ya kurudi, umeme hauna tena kazi ya kufanya wala kitu cha kuuzuia, na betri ya kawaida huweza kusukuma zaidi ya ampea 1,000 kwa wakati mmoja. Waya hugeuka kijinga. Na chini ya kiti kile kile, sentimita chache tu, ndipo lilipo tangi la petroli.

"Nani aliyekwambia usiweke fyuzi?" fundi akauliza.

"Niliambiwa gari lina fyuzi zake mbele."

Fundi akatikisa kichwa, si kwa dharau. "Wengi hudhani fyuzi inalinda taa na redio, mwalimu. Fyuzi inalinda waya. Na inalinda waya ulio baada yake tu, hauwezi kulindwa ulio kabla yake. Zile za mbele zinalinda nyaya za mbele. Hizi mita tano kutoka betrini hadi kule hazikuwa na mlinzi. Ungeweka fyuzi mia kule mbele, mama hapa angeungua vile vile."

Kisha akachukua kipimio, akarudisha waya kwa muda na kuliwasha gari. Kipimio kikasoma volti 15.7. Akauliza kama kuna mtu aliyewahi kusikia harufu garini.

Mwalimu alinyamaza. Aliyejibu ni bibi, kutoka kivulini. "Mayai viza. Tangu Ijumaa ya pili ya mwezi wa saba. Huzidi tukikaribia kufika, na hupungua akifungua dirisha."

Fundi alimgeukia kwa heshima ya mtu aliyekutana na fundi mwenzake. Alieleza kuwa altaneta inapaswa kuchaji kwa volti 13.8 hadi 14.4 hivi. Kidhibiti chake kikiharibika, chaji hupita kiasi, asidi ikachemka, na betri ikatoa gesi yenye salfa inayonuka kama mayai yaliyooza. Pamoja nayo hutoka haidrojeni, ambayo hainuki wala haionekani, na ikifika asilimia 4 tu ya hewa iliyofungiwa, cheche moja huilipua. Alifungua vifuniko vya betri akaonyesha: maji yalikuwa yameshuka hadi bamba za risasi zikawa nje. Betri ingekuwa chini ya boneti, upepo ungeipeperusha gesi ile. Katika buti ilifungiwa pamoja na abiria. Jambo lililowanusuru, alisema akipitisha kidole kwenye ukingo wa mlango wa buti, ni mpira huu mkuukuu uliopasuka, unaopitisha hewa.

Hapo mwalimu aliikumbuka methali yake. Kidhibiti kilichoharibika ni hitilafu ndogo, na magari mengi huzeeka nayo. Waya uliochunika ni hitilafu nyingine, na aghalabu huishia kuunguza zulia. Gesi upande huu wa bati, cheche upande ule, na kati yao tundu lisilovikwa mpira. Hizo ndizo kinga mbili. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amewafundisha watoto wa watu maana ya methali ile, huku yeye mwenyewe akivisogeza vijinga pamoja nyuma ya mgongo wa mama yake.

Kazi ya pili ilichukua siku mbili. Waya wa shaba wa milimita 50 za mraba ulitandikwa, ambao kwa umbali ule ule na ampea zile zile hupoteza chini ya nusu ya volti. Vichwa vyake vilibanwa kwa koleo maalumu, havikuviringwa kwa mkono. Ulivikwa mfereji wa plastiki na kupitishwa ndani ya gari, pembezoni mwa milango, mbali na bomba la petroli linalopita chini ya sakafu. Na kila ulipopenya bati ulivalishwa mpira. Betri mpya, ya aina iliyofungwa, iliwekwa ndani ya sanduku lenye kifuniko na bomba jembamba lililotokeza nje kupitia sakafu, ili gesi yoyote ipate njia ya kutokea. Sanduku lilifungwa kwa bolti kwenye bati, kwa kuwa gari likigonga, kilo kumi na tano zisizofungwa hugeuka jiwe la kombeo kuelekea viti vya mbele. Pale waya mweusi ulipofungiwa, fundi alikwangua rangi hadi chuma kikang'aa. Mbele aliongeza waya mnene kati ya injini na bodi, akisema kuwa watu huitengeneza njia ya kwenda na kuisahau ya kurudi. Altaneta ikapata kidhibiti kipya.

Mwisho alifunga fyuzi ya ampea 250, kiasi cha kuiruhusu stata ivute ipendavyo bila kuuruhusu waya uungue. Aliifunga kwenye waya mwekundu, sentimita 20 kutoka kwenye betri. Mwalimu aliuliza kama isingekuwa rahisi kuikagua ikiwa mbele. Fundi akamtazama juu ya miwani.

"Mlinzi hukaa kwenye lango la hatari, mwalimu. Akikaa mahali pa raha, analinda raha yake."

Gharama ilipita shilingi 20,000, ukijumlisha na betri. Mwalimu alikopa tena.

Jumanne iliyofuata, akiwa ameketi kando ya mama yake katika chumba cha mashine, alijikuta akiitazama ile mirija miwili kwa macho mapya. Mmoja uliitoa damu mkononi kuipeleka kwenye mashine, mwingine uliirudisha. Alikuwa ameiona mara nyingi, lakini hakuwahi kuona kuwa kila mmoja ulikuwa na kibanio kidogo karibu kabisa na ngozi ya mgonjwa. Muda ulipokwisha, muuguzi hakuanza kwenye mashine. Alianza mkononi. Alifunga vibanio vile kwanza, tik, tik, ndipo akaitenganisha mirija.

"Mama," mwalimu akasema, "uniwie radhi kwa yale ya harufu."

Bibi alikuwa amefumba macho. Alikawia kujibu kiasi kwamba mwalimu alidhani amelala.

"Mimi niliamini ulivyosema," akajibu mwishowe. "Nilijua ugonjwa umeniharibu pua. Nikawa nanusa chakula kabla ya kula, nanusa nguo, nanusa mikono yangu, nijue kimebaki nini." Akafumbua macho. "Siku ya moto nilisikia joto mgongoni kitambo kabla ya kusema. Nikajiuliza kama nalo ni ugonjwa."

Mwalimu hakuwa na la kusema. Alikuwa amehofia wezi, akahofia gharama, akahofia baridi ya Julai. Hakuwa amehofia kuwa mtu aliye karibu zaidi na hatari, anayeisikia kabla ya wote, anaweza kufundishwa kutoiamini pua yake mwenyewe, na kwamba fundisho hilo hutolewa kwa sauti ya chini, jikoni, na mtu anayempenda.

Mwaka uliofuata, muhula wa pili, aliiandika methali ubaoni kama kawaida. Nyuso zilitatizika kama kawaida. Msichana mmoja aliyeketi dirishani akauliza kama hayo maneno mawili, kinga ya moto na kinga ya kuzuia, hayana undugu wowote. Mwalimu alishika chaki kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Alimjibu kuwa kamusi huyatenga, na katika mtihani ayatenge pia. Hakuutaja ule mfano wa abiria wa matatu.

Gari lile lingali linatoka Umoja saa kumi na moja kasorobo, Jumanne na Ijumaa. Stata huitikia mara moja, hata Julai. Lakini kabla ya kuzungusha ufunguo, mwalimu hugeuka kwanza kukitazama kiti cha nyuma.

"Mama, unasikia harufu yoyote?"

Naye bibi, leso yake yenye kovu ikiwa mabegani, huvuta pumzi polepole, bila haraka yoyote, huku mwanawe akingoja.

"Hakuna, mwanangu. Twende."